Dalili ya Kipindupindu ni Joto

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Awali ya yote namshukuru Allah (S.W.) aliyetupa uhai na uzima tukakutana tena katika kurasa za jarida letu. Kamati ya jarida iliniomba niandike juu ya mabadiliko ya tabianchi na afya ya binadamu, kwa kuwa mimi ni mtoto wa chuo hiki na leo nasomesha sayansi skuli. Somo hilo ni bahari. Mtu anaweza kuandika juu ya barafu inayoyeyuka huko ncha ya kaskazini mpaka kurasa zikaisha, na msomaji wa hapa Unguja asione linamhusu nini. Kwa hiyo nimechagua jambo moja tu lililotufika wenyewe, na utafiti uliofanywa juu ya visiwa vyetu hivi hivi. Jambo lenyewe ni kipindupindu.

Ninayo sababu ya kuchagua hilo. Mwaka 2016 chuo chetu kilimzika mwanafunzi wake mmoja. Alikuwa mtoto wa miaka tisa, keshamaliza Juzuu Amma na ameingia Tabaaraka. Sitalitaja jina lake kwa kuwaheshimu wazazi wake. Mama yake ni mwenzangu, tulikaa mkeka mmoja hapa chuoni. Usiku ule mtoto aliswali Isha msikitini pamoja na baba yake, akala, akalala. Saa nane za usiku akaanza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Kulipopambazuka yuko kituoni, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiifinya inabaki imesimama. Adhuhuri tulikuwa tunatafuta sanda.

Tangu siku hiyo nilikuwa na suala moja moyoni: je, jambo hili lingeweza kujulikana mapema? Sikuuliza kwa kulalamika, maana aliyempa uhai ndiye aliyeuchukua. Lakini anayesomesha sayansi hana budi kuuliza. Nimesoma, nimewauliza mabwana afya, na jibu nililolipata ndilo nililokusudia kuwaeleza leo.

MARADHI YALIYOTUZOEA

Kipindupindu si mgeni visiwani kwetu. Mwaka 1876 daktari mmoja wa Kiskochi, James Christie, aliyekuwa akitibu watu hapa Unguja, alichapisha kitabu kizima juu ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki, na ndani yake ameeleza maafa ya miaka ya 1869 na 1870. Katika zama zetu, mripuko wa kwanza kuandikwa ulikuwa wa mwaka 1978, katika kijiji cha wavuvi. Waliugua watu 411 na wakafa 51. Bibi yangu anaukumbuka mwaka huo. Anasema watu waliogopa kupeana mikono, na walioitikia maziko walikuwa wa kuhesabika.

Baadaye, kuanzia mwaka 2000, maradhi haya yalipita kipindi kirefu yakija karibu kila mwaka. Septemba 2015 yaliingia tena kwa nguvu, na mpaka katikati ya mwaka 2016 walioripotiwa kuugua Unguja na Pemba walipindukia 4,000. Mwezi wa Aprili 2016 skuli zilifungwa. Wauzaji wa vyakula na vinywaji vya barabarani walizuiwa. Wanafunzi wakubwa mtakumbuka kwamba hata chuo kilipumzishwa.

Kwa asiyejua, kipindupindu huletwa na kijidudu aina ya bakteria kinachoingia mdomoni kwa maji au chakula kilichoguswa na kinyesi cha mwenye maradhi. Kikishafika utumbo mdogo hutoa sumu inayoufanya utumbo umwage maji ya mwili nje kwa kasi. Mgonjwa hafi kwa kijidudu chenyewe. Hufa kwa kukaukiwa na maji na chumvi za mwili. Aliyeshikwa vibaya anaweza kufa ndani ya saa chache. Lakini aliyewahishwa kurudishiwa maji na chumvi hupona, na akitibiwa ipasavyo hatari ya kufa huwa ndogo, chini ya mtu mmoja katika kila 100. Hakuna maradhi mengi ambayo tofauti ya uhai na mauti ni ndogo namna hiyo: mapema na kuchelewa.

WATAFITI WALIFANYA NINI?

Mwaka 2011 ulichapishwa nchini Marekani, katika jarida la maradhi ya nchi za joto, utafiti juu ya kipindupindu cha Zanzibar. Miongoni mwa walioufanya alikuwemo mtaalamu wa wizara ya afya ya hapa kwetu. Nataka niueleze taratibu, kwani hata mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuufahamu.

Walichukua ripoti za wagonjwa wa kipindupindu za miaka ya 2002 mpaka 2008. Kisha wakachukua kumbukumbu za joto na mvua za miaka hiyo hiyo, pamoja na habari za bahari, ambazo nyengine hupimwa na mitambo ya setilaiti inayozunguka angani. Wakaziweka safu hizo pamoja, mwezi kwa mwezi, wakatazama: je, mwezi wa joto kali ndio mwezi wa wagonjwa wengi?

Hapo ndipo penye ustadi wenyewe. Mkulima akipanda mhogo leo hatazamii kuvuna kesho. Baina ya kupanda na kuvuna upo muda wake. Kwa hiyo watafiti hawakulinganisha joto la mwezi na wagonjwa wa mwezi huo huo tu. Walilinganisha joto la mwezi mmoja na wagonjwa wa mwezi uliofuata, kisha wa miezi miwili baadaye, mitatu, minne, kwa hesabu za kitakwimu, ili waujue muda wa kupanda na kuvuna wa maradhi haya.

Walichokipata ni hiki. Joto likiongezeka kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, basi baada ya miezi 4 wagonjwa wa kipindupindu huongezeka mara 2. Mvua ikiongezeka kwa milimita 200, basi baada ya miezi 2 wagonjwa huongezeka mara 1.6, yaani walipokuwa 10 huwa 16. Na joto na mvua vikikutana, athari yake huonekana baada ya mwezi 1 tu.

Ndugu msomaji, rejea tena maneno hayo uyasome polepole. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hapa tunaambiwa kwamba dalili ya kipindupindu ni joto, na dalili hiyo huja miezi minne kabla. Wakati wa Kaskazi, Januari na Februari, jua linapochoma na kila mtu anatafuta kivuli na maji baridi, nani kati yetu anafikiria kipindupindu? Tunakikumbuka Mei, tunaposikia fulani kalazwa. Kumbe ripoti ilishatumwa Januari, nasi tukaipokea kwa kujipepea.

JOTO LINAFANYA NINI?

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: "Mwalimu, jua huua vijidudu. Tunaambiwa tuanike magodoro juani. Vipi tena jua lilete maradhi?" Ni suala zuri, na jibu lake liko majini.

Mtaalamu mmoja wa Marekani, Bibi Rita Colwell, alitumia miaka mingi ya umri wake kuthibitisha kwamba kijidudu cha kipindupindu hakiishi ndani ya binadamu pekee. Makao yake mengine ni maji ya mikoko, ya milango ya mito na ya mwambao, yale yaliyochanganyika chumvi na baridi. Humo hujishikiza kwenye viumbe vidogo mno vinavyoelea, ambavyo wataalamu huviita planktoni. Baadhi ya viumbe hivyo ni mfano wa uduvi, ila ni vidogo zaidi; kimoja kinaweza kubeba maelfu ya vijidudu. Maji yakipata joto na chakula, viumbe hivyo huzaliana, na mzigo wao huzaliana pamoja nao. Joto la maji ndilo linalovistawisha, si jua la kuanikia magodoro.

Kisha mvua hufuata. Mnaijua mitaa yetu mingi ya Ng'ambo. Maji ya chini hayako mbali, visima ni vifupi, karo na vyoo vya shimo vimesongamana, na mitaro imezibwa na mifuko na makopo. Ikija masika, maji hujaa, karo hufurika, na kilichokuwa shimoni hupanda juu. Kikaingia kisimani, kikaingia kwenye mpira wa maji uliotoboka, kikafika kwenye ndoo. Hata wakati wa ukame pia ipo shida yake. Mfereji hukauka, na watu hurudi kwenye kisima walichokwisha kukiacha.

Sasa nataka nitahadharishe jambo, kwa sababu nimeona watu wakilifahamu vibaya. Joto peke yake halimpi mtu kipindupindu. London ni mji wa baridi, lakini mwaka 1854 katika mtaa wa Soho walikufa watu zaidi ya 500 ndani ya siku kumi. Daktari John Snow alipita nyumba kwa nyumba akiuliza watu wanateka wapi maji, akagundua kwamba wengi wa waliokufa walikunywa ya bomba moja la barabara ya Broad Street. Tarehe 8 Septemba mkono wa bomba lile uliondolewa. Baadaye mji ule ukajenga mifereji mikubwa ya maji machafu, na leo kipindupindu huko ni habari ya vitabuni. Kwa upande mwengine, nchi za Ghuba zina joto linaloshinda letu kwa ukali, na ndugu zetu wanaoishi Muscat na Dubai hawafi kwa kipindupindu kila masika.

Kwa hiyo cheche ni kinyesi kilichoingia katika maji. Joto na mvua ni upepo unaopuliza. Penye cheche na upepo nyumba huungua. Pasipo cheche, upepo huvuma ukapita.

DUNIA INAPOZIDI KUPATA JOTO

Tabianchi inaingia hapo. Upepo wenyewe unazidi nguvu. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyopimwa, na kwamba joto la dunia kwa mwaka huo lilizidi lile la kabla ya zama za viwanda kwa takriban nyuzi 1.55. Mtu atasema, nyuzi moja na nusu ni kitu gani? Mtoto akipanda homa nyuzi moja na nusu, mama hukesha. Na mmeshaona visiwani kwetu nyuzi moja inaweza kufanya nini.

Zipo na zile hali za El Niño, ambapo maji ya bahari ya Pasifiki hupata joto kuliko kawaida na mvua za kwetu zikavurugika. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti mwengine uliotazama Afrika nzima, kwa kumbukumbu za kipindupindu za miaka ya 2000 mpaka 2014 kutoka maeneo zaidi ya 3,000. Uligundua kwamba mwaka wa El Niño idadi ya wagonjwa kwa Afrika nzima haibadiliki sana, lakini wanahama. Afrika ya Mashariki huongezekewa na wagonjwa karibu 50,000, na kwengine hupungua. Mripuko wetu wa 2015 na 2016 uliangukia kwenye El Niño iliyokuwa miongoni mwa zenye nguvu kabisa kupata kupimwa. El Niño hutabiriwa miezi kadhaa kabla haijafika. Hilo nalo ni wingu linaloonekana kwa mbali.

JE, SI KADARI?

Nilipoanza kuyasema haya mtaani, mzee wetu mmoja ninayemheshimu sana aliniita barazani kwake. Akaniambia, "Mwanangu, maradhi ni amri ya Mwenyezi Mungu. Ninyi wasomi mnataka kumpangia Mungu miezi?"

Nilikaa chini, nikamwambia, "Babu, wewe ndiye uliyetusomesha kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) na tauni ya Amwas." Akatabasamu, maana ni kweli alitusomesha. Umar alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh akapewa habari kwamba kuna tauni mbele. Akashauriana na Masahaba, akaamua kurudi na watu. Abu Ubayda akamuuliza, je, anakimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Jibu lake tunalijua sote: kwamba anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha Abdulrahman bin Auf (r.a.) akaja na Hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayokataza kuingia penye tauni na kutoka humo kwa kuikimbia, na Umar akamshukuru Mola wake.

Nikamwambia mzee wangu, "Umar alipewa habari kabla hajaingia, na aliifanyia kazi. Na sisi tumepewa habari miezi minne kabla. Kuifanyia kazi kumetoka wapi nje ya kadari?" Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Haya. Sasa unataka tufanye nini?"

Wanafunzi wenzangu, katika mlango wa twahara tumesomeshwa kutokukojoa katika maji yaliyotuama, kutokujisaidia penye vyanzo vya maji, njiani na vivulini, na kufunika vyombo vya maji usiku. Mambo hayo tunayahifadhi kwa ajili ya mtihani. Yanataka pia kuhifadhiwa kisimani.

KISIMA CHA WAKFU

Suala la mzee lilitufikisha kwenye kisima. Wote mnakijua kile kisima cha wakfu kilicho nyuma ya msikiti. Wazee wetu wamekitumia kwa udhu na kwa kunywa tangu hatujazaliwa, na kila mtu anakisifu kwa maji matamu.

Januari iliyofuata, mimi na wanafunzi kumi na wawili wa darasa la juu tulitoka na kamba iliyotiwa mafundo kila mita moja. Kazi yetu ilikuwa kupima umbali baina ya kisima na kila choo kilichokizunguka. Kanuni inayotumiwa sana na mabwana afya ni kwamba choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Tulipima vyoo saba. Vinne vilikuwa karibu zaidi ya mita 30. Kimoja kilikuwa mita 11, na tena kiko upande wa juu, maji ya mvua yanakoteremkia.

Choo hicho ni cha bibi mmoja mjane anayeishi na wajukuu. Hana uwezo wa kuchimba chengine, na ardhi ya pale ni jiwe tupu la matumbawe. Wako vijana waliotaka kwenda kumfokea. Maalim wetu mkuu aliwazuia. Alisema bibi huyu alijenga nyumba yake kihalali, na mtaa mzima umekunywa maji ya kisima hiki bila ya kumuuliza mtu choo kiko wapi. Kosa la wote halibebeshwi mjane mmoja.

Mjadala mkubwa ulikuwa wa maji yenyewe. Tulipendekeza kisima kisitumike tena kwa kunywa bila ya kutiwa dawa. Baadhi ya wazee walisema mwenye wakfu aliutoa kwa ajili ya kunywesha watu, na kubadilisha ni kuvunja sharti lake. Wengine wakasema dawa ya klorini itaharibu ladha. Tulikaa vikao vitatu baada ya Isha. Katika kikao cha tatu imamu wetu alisema maneno yaliyomaliza kazi. Alisema aliyetoa wakfu alikusudia thawabu ya kunywesha watu maji, hakukusudia kuwanywesha maradhi, na anayeyalinda maji yale yasidhuru ndiye anayemlindia marehemu thawabu yake.

Basi tukakubaliana. Kisima kikajengewa ukuta wa mdomo na kifuniko. Kamba na ndoo vikawa vya kisima chenyewe, mtu asitumbukize ndoo yake ya nyumbani. Maji ya kunywa ya chuo yakawa yanatiwa klorini ndani ya tangi kwa kipimo alichotuelekeza bwana afya, na likawekwa bomba, watoto wasichote kwa kata moja. Na kwa choo cha bibi, akina baba wa mtaa walichanga na vijana wakachimba. Iliwachukua wiki tatu kulivunja lile jiwe. Choo kipya kiko upande wa chini, mbali na kisima, na kile cha zamani kimefukiwa.

Nilimwona bibi yule siku kazi ilipokwisha. Alisema, "Miaka yote nilikuwa nikisikia watu wanakisifu kisima, na mimi nanyamaza." Neno lake lile limenikaa. Wako wengi mtaani kwetu wanaojua penye hatari, ila hakuna aliyewauliza.

KALENDA YETU

Kutokana na hayo chuo chetu kikapata kalenda yake ya maji, na naiandika hapa ili kila nyumba iweze kuifuata.

Januari na Februari, joto likianza, ndio wakati wa kazi ya mikono: kupima, kuziba nyufa za visima, kusafisha tangi, kuzibua mitaro wakati imekauka, na kuwaona wenye karo zilizojaa. Msingoje mawingu. Mtaro hauzibuliki ukiwa umejaa maji.

Machi, kabla ya masika, ni wakati wa kuweka akiba nyumbani: klorini, sabuni, ndoo yenye kifuniko, na pakiti za chumvi ya kurudisha maji mwilini.

Kuanzia masika mpaka Juni au Julai, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote au yatiwe klorini. Matunda na mboga zioshwe kwa maji hayo hayo. Askrimu za vifuko na juisi ya barabarani, mtoto asinunue kama hajui maji yametoka wapi. Na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kutoka chooni na kabla ya kula. Kutia maji pekee hakutoshi.

Akina mama huniuliza habari ya kuchuja kwa kitambaa, kama walivyofanya bibi zetu. Bibi Colwell na wenzake waliijaribu njia hiyo huko Matlab, Bangladesh, katika vijiji 65. Akina mama walichuja maji kwa sari kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara kadhaa. Nguo kuukuu ilifaa kuliko mpya, kwa sababu nyuzi zake zimelegea na kuziba matundu. Wale vidudu mfano wa uduvi walinaswa pamoja na mzigo wao, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionesha kipindupindu kimepungua kwa asilimia 48. Ni neema kubwa kwa kitambaa kikuukuu. Lakini asilimia 48 si 100, na kijidudu kinachoelea peke yake hupenya. Kwa hiyo chuja ikiwa maji yana taka, kisha uchemshe au utie dawa.

Chanjo nayo ipo. Mwaka 2009 watu zaidi ya 23,000 Unguja na Pemba walikunywa dozi mbili za chanjo ya kipindupindu, na uchunguzi uliofuata ulionesha kwamba iliwakinga kwa kiasi cha asilimia 79. Mkiitwa kuchanjwa, itikieni.

Na ikitokea mtu ameanza kuharisha maji, asingojwe mpaka asubuhi. Akiwa njiani kupelekwa kituoni anyweshwe maji ya chumvi ya pakiti. Pakiti ikikosekana, chukua lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vipimo vya kusawazisha si vya kujaa kilima, ukoroge mpaka viyayuke. Anywe kidogo kidogo bila ya kuacha, hata kama anatapika. Kila mtoto wa chuo hiki aliyefika umri wa kuhifadhi Suratul Fatiha anaweza kuhifadhi na kipimo hiki. Mwaka huu nimewasikiliza wanafunzi wa darasa la tatu wakikisoma kwa moyo, na waliokosea walikuwa wawili tu.

HITIMISHO

Ndugu zangu, hatuwezi sisi watu wa mtaa mmoja kulipunguza joto la dunia. Moshi mwingi uliolipandisha haukutoka katika majiko yetu, na haki ni kwamba waliotangulia kuutoa ndio watangulie kuuzuia. Lakini cheche ziko mikononi mwetu. Kisima ni chetu, karo ni letu, mtaro ni wetu, na watoto ni wetu. Serikali ina mpango wa miaka kumi wa kukitokomeza kipindupindu Zanzibar, uliotayarishwa mwaka 2018. Mpango huo utafanikiwa mtaa kwa mtaa, au hautafanikiwa.

Sisemi kwamba kisima chetu kimewekewa kinga ya milele. Kila Januari kamba ile ya mafundo hutolewa tena, kwa sababu nyumba hujengwa, vyoo huchimbwa na mifuniko huvunjika. Wanafunzi kumi na wawili wa mwanzo wengi wao wameshaoa na kuolewa. Natafuta kumi na wawili wapya. Atakayependa aje Jumamosi ya kwanza ya Januari baada ya darasa la asubuhi, avae viatu vya kufunika vidole, maana matumbawe yanakata.

Allah atujaalie tuwe katika wanaoonywa wakasikia, awarehemu waliotutangulia, na awape subira wazazi wao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.